Kabla Iwe Luku, Kaki Ilikuwa Vumbi

Tuanze na ukweli mdogo: Kenya haina summer. Tuko na jua la Januari linalochoma utosi, tuko na mvua ya Aprili, halafu tuko na baridi ya Julai inayofanya tuwaheshimu watu wa Limuru. Lakini kila mwaka, majuu ikianza kupata joto mwezi wa sita, sisi huku tunajifunika masweta huku simu zetu zimejaa video za kabati la summer. Na hayo makabati, miaka hii ya karibuni, ni ya rangi moja. Krimu. Beji. Kaki. Kahawia ya chai iliyokolea maziwa. Rangi ya ngamia. Shati la kitani limefunguliwa vifungo viwili, suruali pana, ndala za ngozi, kikapu cha ukindu begani, na mtu anatembea polepole kama hana deni la Fuliza.

Luku ni safi, sitabisha. Nusu ya nguo zangu ziko hivyo. Kitu kinachonisumbua ni maelezo yanayokuja na hizo video: ati hizi ni rangi zisizo na upande. Ati zimetulia, haziongei, zinaenda na kila kitu na kila mtu.

Wasee, hakuna rangi zimeongea kwenye hii pembe ya dunia kama hizo. Zimenunua pembe za ndovu. Zimevalishwa watumwa. Zimeenda vitani. Zimekuwa sare ya bwana na sare ya anayemfungulia bwana geti. Kabla hujajenga kabati lako la Januari, pitia na mimi hapa kidogo. Mwishoni nitakuambia pia cha kununua, usijali.

Anza na majina

Kiswahili kina tabia tamu sana kwa rangi: kinakuonyesha kitu, hakikupi jina tupu. Kijivu ni jivu la jikoni. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda. Damu ya mzee unaijua, ni ile nyekundu iliyokolea hadi ikachoka. Na maji ya kunde ni yale maji yanayobaki kwa sufuria ukichemsha kunde, ndiyo tunayotumia kueleza ngozi ya mtu ambaye si mweusi sana wala mweupe sana.

Sasa cheki hudhurungi. Shuleni tuliambiwa ni rangi, basi. Lakini kamusi za zamani zinasema kitu kingine: hudhurungi kilikuwa kitambaa. Pamba ya rangi ya manjano iliyoiva ikaelekea kahawia, inayoshonewa kanzu, ikija na majahazi kutoka upande wa Maskat. Oman walikuwa na pamba inayomea ikiwa kahawia tayari shambani, bila kutiwa chochote. Na neno lenyewe linatoka kwa Kiajemi, maneno mawili yaliyounganishwa: rangi yake yenyewe.

Fikiria hapo. Karne nzima kabla mtu yeyote apige video ya rangi za udongo, Pwani kulikuwa na watu wanavaa kanzu ya beji, na jina la kitambaa chao linasema hii haijapakwa, imezaliwa hivi.

Kabla ya pamba

Ukienda bara ndiyo utashangaa zaidi. Buganda walikuwa wanavaa udongo kabisa. Kuna mti unaitwa mutuba, wa jamii ya mikuyu. Unabandua gome lake la ndani msimu wa mvua, unalifunga shina na majani ya mgomba ili mti usikauke, halafu unaligonga hilo gome na nyundo za mbao zenye mifereji, kwa masaa, mpaka linalainika na kupanuka. Linawekwa juani na linageuka rangi ya chungu kilichochomwa. Wafalme walilivaa wakitawazwa. Wafu walizikwa nalo. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza hiyo kazi kuwa urithi wa binadamu, na bado kuna mafundi wanaoifanya.

Upande wetu, Wakikuyu, Wakamba, Wamaasai na wengine wengi walivaa ngozi zilizolainishwa, kahawia ya kila aina, na kujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Olkaria, pale stima ya mvuke inatoka, ni neno la Kimaasai la huo udongo mwekundu. Kwa hivyo bili yako ya stima iko na jina la rangi ndani yake.

Halafu wakaja wamisionari na wakoloni, na wengi wao waliangalia ngozi na udongo wakaona uchi na ushenzi. Aliyeingia darasani na kubatizwa alitakiwa kuonekana: nguo ya pamba, ikiwezekana nyeupe. Waliobaki na ngozi na udongo wakaitwa washamba. Weka hilo neno akilini. Rangi ileile ambayo leo inauzwa kama usomi na utulivu, babu zetu waliambiwa waivue ili waonekane watu.

Krimu iliyotoka Marekani

Tuje sasa kwa krimu, ile rangi ya pamba ambayo haijatiwa dawa ya kung'arisha. Hii nayo ina jina la Kiswahili, na hilo jina litakuambia kila kitu: merikani.

Mwaka 1833 Mmarekani anaitwa Edmund Roberts alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi mdogo Zanzibar, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilikuwa zinaleta pamba ngumu, nzito, ya rangi ya krimu, iliyofumwa kwa viwanda vya New England. Zilikuwa zinarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi ya kutengeneza vanishi.

Merikani haikuwa nguo tu. Ilikuwa doh. Ukitoka Bagamoyo au Mombasa kuelekea bara, huendi na sarafu, unaenda na marobota ya kitambaa kichwani mwa wapagazi. Chakula unalipa na kitambaa. Kupita kwa eneo la chifu unalipa na kitambaa. Kipimo kilikuwa mkono: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Leo ukinunua leso unapewa vipande viwili vilivyoungana na bado kuna watu wanaiita doti. Hicho ni kipimo cha msafara, kimebaki sokoni.

Sasa uliza pamba ya Massachusetts ilitoka wapi. Massachusetts haimei pamba, kuna theluji. Ilitoka majimbo ya kusini mwa Marekani, na aliyeichuma alikuwa mtumwa, Mwafrika au mjukuu wa Mwafrika. Pamba hiyo inafumwa kaskazini, inapakiwa, inazunguka rasi ya kusini mwa Afrika, inafika Zanzibar, inanunua pembe ambazo mara nyingi zimebebwa hadi Pwani na watu ambao wenyewe wameuzwa. Pembe zinarudi Marekani, na miji miwili midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, inazikata kutengeneza vibonyezo vya piano. Mtumwa mwanzo wa safari, mtumwa katikati, na mwisho wa safari msichana wa watu anajifunza piano sebuleni.

Krimu kwa kitambaa, pembe kwa piano. Zote leo ziko kwenye orodha ya rangi tulivu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata hiyo pamba. Viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaingia, lakini watu wa Pwani waliendelea kuita kitambaa chochote cha aina hiyo merikani.

Na Zanzibar kila mtu alijua nani anavaa nini. Merikani isiyo na urembo, na kaniki, ile nyeusi iliyotiwa nili, zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Mwaka 1897 utumwa ulipofutwa kisheria visiwani, wanawake waliokuwa watumwa hawakutangaza uhuru wao kwa makala. Waliutangaza kwa nguo. Waliacha merikani, waliacha kaniki, wakafunga kanga: nyekundu, nyeusi, nyeupe, maua, pindo, baadaye na maneno ya kumrushia jirani kabisa. Leso ya shosho yako ina kelele kwa sababu kuna mtu alikataa kunyamazishwa na krimu.

Kwa hivyo mtu akikuambia rangi nyingi ni za ushamba na krimu ndiyo ya watu wenye pesa zao, muulize: pesa za nani?

Vumbi linaingia jeshini

Kaki. Neno ni la Kiajemi na Kiurdu: khak ni udongo, vumbi. Khaki ni yenye vumbi. Hakuna siri hapo.

Desemba 1846 huko Peshawar, ambayo leo iko Pakistan, afisa Mwingereza mwenye miaka 25 anaitwa Harry Lumsden alipewa kazi ya kuunda kikosi cha wapelelezi na wapiganaji wa mpakani, Corps of Guides. Jeshi la Uingereza wakati huo lilijulikana kwa makoti mekundu. Nyekundu ni sawa kwa gwaride. Kwa milima mikavu ambapo mtu amelala nyuma ya jiwe na bunduki, nyekundu ni kujiuza. Lumsden akawavalisha watu wake nguo pana zenye rangi ya vumbi la pale pale.

Miaka kumi baadaye, kwenye maasi ya India ya 1857, wanajeshi wengine wa Uingereza wenye sare nyeupe walianza kuzichafua makusudi. Walitumia matope, chai, kahawa, chochote kilichokuwa karibu. Hiyo kumbuka, tutairudia, kwa sababu ni mbinu ambayo unaweza kutumia kwa beseni yako nyumbani.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, kaki ilikuwa sare ya Mwingereza anayetumwa nchi za joto, na mwaka 1902, vita vya Makaburu vikiisha Afrika Kusini, ikawa sare ya kazi hata kwao Uingereza. Mwaka huohuo, 1902, King's African Rifles ikaundwa. Keya, kama wazee walivyoiita. Sasa vumbi la Peshawar likawa juu ya mgongo wa kijana wa Kikamba, wa Kinandi, wa Kinyasa. Kaptura ya kaki, shati la kaki, na miaka mingi bila viatu.

Vita vya kwanza vya dunia vikaja 1914. Waingereza na Wajerumani walipigana hapa kwetu miaka minne, na kwa kuwa ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa mbung'o, mizigo ilibebwa na watu. Mamia ya maelfu waliandikishwa kuwa wapagazi, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps. Ukitamka haraka unapata Kariakor, pale unaenda kula nyama choma na kununua vyondo. Kariakoo ya Dar es Salaam ni neno lilelile. Na ukipita Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, zimesimama tangu 1928, watu wanangojea mathree chini yake bila kuinua macho. Ni ya hao askari na wapagazi. Angalia siku moja, haina kiingilio.

Safari inakuwa bidhaa

Sasa hapa ndipo vumbi linageuka luku.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, amemaliza kuwa rais wa Marekani wiki chache tu, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Walikuwa na msafara wa wapagazi zaidi ya 200. Wao wawili peke yao walipiga risasi wanyama 512, kwa hesabu yake mwenyewe. Picha zilienda dunia nzima: mzungu, kofia ngumu, shati la kaki lenye mifuko minne, bunduki, na nyuma yake watu weusi ambao majina yao hayakuandikwa. Neno letu la kawaida kabisa, safari, la kwenda hata Machakos kwa mazishi, likaingia Kiingereza likiwa na maana ya kuwinda na kuvaa kaki.

Hollywood ikalipokea. Mogambo ilitoka 1953, Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly wakiwa wamevaa vumbi lililopigwa pasi. Mwaka 1968 Yves Saint Laurent huko Paris akatoa koti lake la saharienne, mifuko minne, mshipi kiunoni, kamba kifuani, na ghafla sare ya ukoloni ikawa mtindo wa wanawake wa mjini Ulaya. Mwaka 1985 ikaja Out of Africa, iliyopigwa hapa hapa, Ngong na kwingineko. Baada ya hiyo sinema, kila duka la majuu lilitaka kitani, krimu na viatu vya ngozi. Ralph Lauren aliita manukato yake Safari, mwaka 1990.

Lakini hadithi ninayoipenda ni ya duka moja la California. Mwaka 1978 mume na mke, Mel na Patricia Ziegler, walianza kuuza nguo za jeshi zilizobaki, makoti na suruali za kaki kutoka maghala ya majeshi mbalimbali. Walizinunua bei ya chini, wakaziweka vifungo vipya, wakachora katalogi yenye hadithi za msituni, na wakaliita duka Banana Republic. Lilipambwa kama kambi ya safari. Mwaka 1983 kampuni ya Gap ikalinunua na likaenea Marekani yote.

Umeona? Luku ya safari ya kisasa ilianza kama mtumba. Mtumba wa jeshi. Kwa hivyo ukitoa shati la kaki kwa robota pale Toi na mtu akakucheka, wewe ndiye unafuata desturi.

Kaunda anaichukua, Bunge linaikataa

Si ati sisi tulikaa tu tukaangalia. Baada ya uhuru, Kenneth Kaunda wa Zambia alichukua koti la safari, akalifanya suti kamili, mikono mifupi au mirefu, bila tai. Viongozi wengi wa Afrika wakamfuata. Ujumbe ulikuwa wazi: tuko na joto, tuko huru, hatuhitaji kujinyonga na tai ya London ili tuwe na heshima. Nguo ya mwindaji ikawa nguo ya mkombozi. Watu wakaanza kuiita Kaunda suti na hakuna aliyekumbuka Roosevelt.

Halafu Novemba 2023, hapa Nairobi, Spika Moses Wetang'ula akaagiza kwamba Kaunda suti haziruhusiwi Bunge la Taifa. Mbunge wa kiume avae koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Hii ni wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa anatokelezea na Kaunda suti karibu kila wiki. Rais yuko sawa Ikulu, lakini akivaa hivyo mbunge anarudishwa mlangoni.

Miaka 60 ya uhuru na bado tunaulizana kama nguo iliyoshonwa kwa hali ya hewa yetu inatosha kuitwa ya heshima. Mimi naona hapo ndipo shida iko. Rangi na nguo zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni nani anapewa ruhusa ya kuonekana nadhifu akiwa amezivaa.

Rangi moja, watu wawili

Toka nje ya nyumba yako leo uhesabu kaki. Mwanafunzi wa msingi, kaptura ya kaki imepasuka mfukoni. Chifu na naibu wake. Soja wa ploti, shati la kaki limefifia kwa mabega. Kijana anatembea Moi Avenue na bahasha ya kaki kwapani, ndani kuna vyeti, anatafuta kazi mwaka wa tatu. Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo bahasha yangu ilikuwa nyembamba kuliko za wengine, lakini rangi ilikuwa hiyo hiyo.

Sasa chukua shati la yule soja. Kivuli kilekile cha kaki, mifuko miwili kifuani. Mpe mtu mwenye wafuasi elfu hamsini, ampige picha mtu mwingine, ukuta mweupe nyuma, mwanga wa saa kumi na moja jioni. Maoni yatajaa mioyo. Utulivu. Ukwasi. Yule soja akipita nyuma ya hiyo picha, watamwomba asonge.

Hapo ndipo ule uongo wa rangi zisizo na upande unauma. Beji haikufanyi uonekane tajiri. Kinachokufanya uonekane tajiri ni beji bila vumbi. Mtu anayevaa krimu na ndala nyeupe Nairobi anasema kitu kimoja: sipandi mathree, sitembei kando ya barabara, nguo zangu hufuliwa na mtu mwingine. Kaki ilibuniwa ili vumbi lisionekane, kwa sababu aliyeivaa alikuwa ndani ya vumbi. Sisi tumeigeuza kuwa ushahidi kwamba hatujaligusa. Huo ndio mzunguko mzima, na ni vizuri uujue kabla uingie ndani.

Na sisemi uache kuvaa. Nasema zirudishe zilikotoka.

Basi tujenge hilo kabati

Januari inakuja, na jua halitanii. Hizi rangi zinafaa jua letu kwa sababu zilezile zilizofaa Peshawar na Maskat: ni nyepesi hazimezi joto kama nyeusi, na zinaficha vumbi kuliko nyeupe. Hivi ndivyo mimi ningefanya.

Mashati matatu: moja krimu, moja kaki, moja kahawia ya udongo uliochomwa. Chini vitatu, suruali au sketi: moja beji, moja kahawia iliyokolea, moja rangi ya ngamia. Hizo ni luku tisa tayari, kwa sababu kila shati linaenda na kila suruali. Ongeza koti moja jepesi la mifuko, unavaa nalo au bila, zimekuwa kumi na nane. Wiki mbili na nusu bila kurudia, kwa nguo saba.

Tafuta pamba na kitani. Soma lebo. Kitani kinakunjamana, kiache kikunjamane, ndiyo uzuri wake. Poliesta ya beji itakupika, hata kama kwa picha inafanana.

Soko ni lile unalojua: Gikomba, Toi, au la mtaani kwenu. Nenda asubuhi robota likifunguliwa kama una doh ya kamera. Kama huna, ngoja jioni uchimbe fagia. Rangi hizi hubaki chini kwa sababu wengi wanavutwa na zinazong'aa. Na usinunue ukiwa ndani ya kibanda. Turubai la bluu linafanya beji ionekane kijivu, na la chungwa linafanya kila kitu kionekane kitamu. Toka nayo juani, iweke kando ya mkono wako. Kama ngozi yako ya maji ya kunde inaonekana imeamka, chukua. Kama inaonekana mgonjwa, rudisha, jaribu iliyo na wekundu kidogo zaidi. Kiuno kikiwa kikubwa, fundi yuko.

Na kama huna doh ya kitu kipya kabisa, chukua shati jeupe la pamba lililoanza kuchoka. Chemsha majani ya chai mengi, chuja, tia chumvi, loweka shati likiwa limelowa tayari ili lisifanye madoa, ligeuzegeuze saa moja au zaidi, halafu suuza na maji baridi na ulianike kivulini. Litatoka krimu au beji kulingana na ukali wa chai. Ni ile ile ya wanajeshi wa 1857, ila hii mara chai ni ya Kericho na hakuna anayevamiwa.

Kitu cha mwisho ndicho ninachokihimiza zaidi kuliko vyote. Vaa na leso. Kwa kichwa, kwa shingo, kiunoni, kama mfuko, popote. Nyekundu kabisa, maua, maneno na kila kitu. Krimu yako itatulia zaidi ikiwa na kelele kidogo kando yake, na kuna wanawake wa Zanzibar wa 1897 walioilipia hiyo kelele.

Halafu ukitoka geti ukiwa umetokelezea, na soja akuangalie, amevaa kaki yake iliyofifia, msalimie kwa jina. Kama hulijui, muulize. Ameivaa hiyo rangi kabla yako, na yeye hakuchagua.